Risasi Moja Tu

Upo mchezo ambao wenyewe huuhesabu wa kiungwana: mashindano ya kulenga shabaha kwa bunduki za zamani zinazotiwa risasi moja moja. Nimeutazama, nikaupenda, na bado nina neno nao.

Niliuona Uingereza nilipokuwa masomoni, katika klabu ndogo aliyonipeleka mwenyeji wangu. Chama cha vilabu vya namna hiyo kiliundwa huko mwaka 1901, wakati wa vita na Makaburu wa Afrika Kusini. Makaburu, wakulima waliozoea kuwinda, walikuwa wamewatoa jasho askari wa Uingereza kwa shabaha zao, na Lord Roberts, aliyekuwa jemadari katika vita hivyo, akahimiza raia wa kawaida nao wajifunze kulenga. Risasi ndogo ya .22 iliwafaa: bei nafuu, kishindo kidogo, haiumizi bega. Kampuni ya BSA ya Birmingham ikawatengenezea bunduki za mtindo wa Martini. Unashusha mkono wa chuma ulio nyuma ya triga, tundu linafunguka, unatia risasi, unafunga, unapiga. Ukitaka nyingine, unaanza upya.

Hapo ndipo penye uzuri wa mchezo huu. Bunduki yenyewe inamlazimisha mtu atulie. Hata katika Olimpiki, bunduki za shabaha ya mita 50 bado hutiwa risasi moja moja, na duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4, kama kucha ya kidole cha mwisho. Anayepiga hapo mara kwa mara habahatishi.

Lakini karatasi inapima mkono peke yake. Haimwulizi mtu kama ilifaa apige.

Mjomba wangu, kule Mbaga, milimani juu ya Same, alikuwa na bunduki ya namna hiyo ya kufukuzia tumbili shambani. Risasi zake tatu alizihifadhi ndani ya kopo la ugoro. Mara nyingi alitoka nazo tatu na kurudi nazo tatu, wala hakuona haya. Mimi, nikiwa na miaka kumi na mitano, niliichukua bila ruhusa. Mahindi yakatikisika, nikalenga, nikapiga. Alikuwa mbuzi wa jirani. Risasi ilimpata nyuma ya sikio. Kwa hesabu ya karatasi, nilipata kumi.

Mjomba alimlipa jirani, kisha akaniambia, “Kulenga umelenga, mwanangu. Kutazama hukutazama.”

Najua nitajibiwa kwamba uwanjani hapapiti mbuzi. Ni kweli. Tena pale klabuni niliona jambo lililonigusa kuliko alama zote: amri ya kuacha ilipotolewa, kila mtu alifungua bunduki yake, hata aliyekuwa amekwisha kulenga akatoa risasi yake na kuiweka chini. Hakuna aliyenung'unika. Hakuna pia aliyepewa alama.

Hilo ndilo ninaloulaumu mchezo huu. Jambo lake bora unalifanya kila siku, na umeliacha nje ya hesabu. Laiti ningekuwa mwamuzi, ningemwandikia yule mtu kumi yake. Mjomba wangu angeelewa kwa nini.