Jiwe la Bismarck kwa Matofali ya Kuchezea

Ukisema unataka kulijenga Jiwe la Bismarck, mwamba wa mawe yaliyopandana katika Ziwa Victoria huko Mwanza, kwa matofali ya LEGO, liwe mandhari ya mchezo wa kuigiza wahusika mezani, utaambiwa haiwezekani: jiwe ni la mviringo, tofali lina kona. Sikubaliani. Graniti ya Mwanza hupasuka kwa nyufa zinazokatana karibu kama kuta za nyumba. Maji hupenya humo na kuzila kona kwanza, maana kona hushambuliwa kutoka pande kadhaa. Mjenzi afuate mpangilio huohuo: ainue masanduku, aache ufa kati yake, kisha abadilishe kona kwa matofali yenye mteremko. Jiwe la juu halitaanguka hata likikaa kwenye shingo nyembamba, kwa sababu mirija iliyo ndani ya tofali, iliyoombewa hataza Denmark tarehe 28 Januari 1958, hubana vinundu vya tofali la chini.

Kazi kubwa ni vipimo. Katika Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka 1974, mraba mmoja wa ramani ni inchi 1, yaani milimita 25.4. Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8, kwa hiyo wengi huchagua vinundu vitatu kwa mraba: milimita 24. Inakaribia, lakini visanamu viwili vilivyoshika makasia vikisimama jirani hugongana. Mimi natumia vinne. Eneo la mraba hupanda kutoka vinundu 9 hadi 16, gharama ambayo naikubali, kwa sababu bamba la nne kwa nne hupatikana kirahisi na hufunika mraba mzima.

Faida ya bamba hilo huonekana maji yakipanda. Kisanamu kina urefu wa sentimita 4 hivi. Kikiwa mtu wa mita 1.7, kipimo ni takriban 1:42, na bamba lenye unene wa milimita 3.2 ni kama sentimita 13 za maji. Mei 2020 Ziwa Victoria lilivuka rekodi yake ya kimo cha maji ya 1964. Kisa cha namna hiyo huchezeka vizuri mno: kila mzunguko msimamizi wa mchezo anabandika mabamba ya buluu, gati la kivuko cha Kamanga linazama mraba baada ya mraba, na wachezaji wanaukimbilia mwamba.

Kama matofali ya kijivu ni machache, yaweke nje tu. Ndani ya jiwe tumia rangi yoyote uliyo nayo.