Penseli na Masharti Manne

Tangu Agosti 2024, LSAT, mtihani unaowachuja wanaotaka kusomea sheria Marekani, hauna tena michezo ya mantiki. Sehemu hiyo iliingia mtihanini mwaka 1982: dakika 35, michezo minne, maswali ishirini na kitu. Watahiniwa wengi walishangilia ilipoondoka. Mimi ilinihuzunisha, kwa kuwa nimewahi kumtazama mtu anayeijua kazi hiyo.

Alikuwa binti mzaliwa wa Tanga, akijiandaa kwa mtihani huo ughaibuni. Mchezo uliokuwa mbele yake ulikuwa wa namna hii. Asha, Bakari, Chiku, Daudi na Edna watahutubia mkutano, mmoja baada ya mwingine. Asha awe wa kwanza au wa mwisho. Bakari amtangulie Chiku. Chiku amtangulie Daudi. Edna apande jukwaani mara tu Bakari anaposhuka.

Mwenye pupa angerukia swali la kwanza na kuanza kujaribu majina. Watu watano hupangika kwa njia 120. Angejaribu hadi dakika zimwishie. Binti yule alichora vistari vitano, akaandika B na E ndani ya kisanduku kimoja, kisha penseli ikatulia. Chiku yuko nyuma ya Bakari, lakini nafasi inayomfuata Bakari imeshachukuliwa na Edna. Kwa hiyo Chiku yuko nyuma ya Edna pia, na Daudi nyuma yao wote. Wanne wale wamekuwa mnyororo mmoja, Asha akibaki kuchagua ncha. Njia 120 zimekuwa mbili. Nani anaweza kuwa wa tatu? Edna au Chiku, hakuna mwingine. Maswali yaliyobaki aliyajibu kwa kuutazama mchoro tu.

Nilichopenda zaidi ni ile penseli kutulia. Hakuwa amekwama. Alikuwa akiyasikiliza masharti yanavyosemezana, mpaka yakatoa jambo ambalo hakuna hata moja lililolitamka peke yake. Subira hiyo haina njia ya mkato, na nadhani ndiyo maana michezo hiyo ilichukiwa.

Mafundi wa michezo hiyo walijua pia kutougeuza ukweli juu chini. Ukiambiwa kwamba Asha akija, Bakari naye huja, kumwona Bakari hakukupi ruhusa ya kumtangaza Asha. Bakari asipokuja ndipo unajua kwamba Asha naye hakuja. Ni jambo dogo, lakini barazani kwetu na kwenye simu zetu linavunjwa kila siku. Mla rushwa hujenga haraka, jirani kajenga haraka, basi kala rushwa: hukumu imepita, na jina la mtu limeharibika kabla ya magharibi.

Siipuuzi sababu ya kuondolewa kwa michezo hiyo. Wasioona walilalamika mahakamani kwamba mtihani uliotegemea michoro uliwanyima haki, na walikuwa na hoja. Makubaliano ya 2019 yakawapa wenye mtihani miaka minne ya kutafiti namna nyingine ya kuupima uwezo uliopimwa na michezo hiyo. Mwisho wake, pengo likazibwa kwa sehemu ya pili ya maswali ya kupima hoja za maandishi, aina ambayo tayari ilikuwamo.

Hapo ndipo ninaposikitika. Miaka ya 1880 Lewis Carroll, aliyewahi kuwa mwalimu wa hisabati Oxford, alitoa mchezo wa mantiki wenye kibao na vidonge tisa vya kupanga. Kidonge hushikika. Kibao chenye matundu na herufi za nukta nundu kingeuweka mnyororo ule wa Bakari na wenzake chini ya vidole vya asiyeona, naye angetulia na kusikiliza kama yule binti alivyotulia na penseli yake. Kazi hii ingeweza kufunguliwa kwa wote. Badala yake imefungwa kwa wote, na wanaojiandaa mwaka huu hawana sababu ya kuchora hata kistari kimoja.