Bajeti shirikishi isiishie kwenye kuomba

Wandugu, siku hizi neno "bajeti shirikishi" liko kwa kila semina. Watu wanaitwa kwenye sale, wanagawiwa chupa ya maji, wanataja mahitaji: soko, mtaro, taa, kisima. Sekretere anaandika, picha inapigwa, kila mtu anarudi kwake. Mimi hapo sioni bajeti. Naona orodha ya maombi.

Wazo lenyewe ni zuri. Lilianzia Porto Alegre, Brazili, mwaka 1989: raia walikaa mtaa kwa mtaa wakachagua kazi ambazo feza ya mji italipia. Kwetu Kongo, Kivu ya Kusini ilijaribu karibu mwaka 2010, ikisaidiwa na Benki ya Dunia. Watu waliitwa kwenye mikutano kwa ujumbe wa simu, na maamuzi yakatangazwa kwa simu pia. Benki iliripoti kwamba mahali fulani mapato ya kodi yalipanda. Wengi walisifu simu. Mimi nasema simu ilikuwa chombo tu. Mtu analipa kwa moyo akiona franka zake zimegeuka kitu.

Sasa tujiulize, feza ya kugawa iko wapi? Katiba yetu, kifungu cha 175, inatoa 40% ya mapato ya taifa kwa majimbo. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba 40% ya fungu la jimbo iende kwa miji, komini, sekta na sheferi. Kwenye karatasi ni safi. Kwa vitendo, kinachofika chini ni kidogo tena kinachelewa. Na nani anauliza? Beni na Butembo hatujapiga kura ya washauri wa komini, na tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi. Raia anaulizwa anataka nini, lakini hana mlango wa kuuliza kilichoingia na kilichotoka.

Tuangalie Makueni, Kenya. Kule raia hawaishii kwenye kuchagua mradi. Kamati ya wakaaji inafuata kazi, na sahihi yake inahitajika mbele ya mjenzi kulipwa. Nguvu ya raia iko hapo, kwenye malipo.

Sisi wa agronomia hatugawi mbolea mbele ya kuhesabu mifuko. Kasindi tuko mpakani: malori yanapita kila siku, mama wa soko analipa tiketi yake, mwenye piki analipa yake. Kila mmoja anajua alichotoa, lakini jumla hatuijui. Basi tuanzie hapo. Ubao mmoja sokoni, kila mwisho wa mwezi, mistari mitatu: kilichokusanywa, kilichotumika na wapi, kilichobaki. Kisha kamati ya mama wa soko, wenye piki na walimaji itie sahihi mbele ya malipo ya mwisho ya kila kazi.

Kuna watakaosema: kwanza usalama. Ni kweli, usalama ni kwanza. Lakini vita havijasimamisha tiketi ya soko hata siku moja. Kama kukusanya kunawezekana wakati wa vita, kuonyesha hesabu pia kunawezekana. Ubao na chaki havingojei mfadhili.

Wenzangu wa lisansi, hasa wa uchumi na sheria: kwenye komini au sekta yako, umeshaona hesabu ya mwezi imebandikwa ukutani? Wapi? Tuambieni.