Kumpima Fundi wa Giaboksi: Malori ya Kuvuta katika Vilima vya Ekerenyo

Fundi bora wa giaboksi hutambulika kwa kuchelewa kuifungua. Kasoro nyingi zinazomfanya dereva alalamike kwamba gia zinaingia kwa nguvu, zinakwaruza au zinaruka huanzia nje ya giaboksi yenyewe, kwenye klachi, kwenye oili, kwenye raba zinazoshikilia mitambo au hata kwenye ndoano ya trela, na anayeishusha kabla ya kuvichunguza vitu hivyo humbebesha mwenye lori gharama kubwa bila kujua kama ugonjwa umo humo. Kanuni hii ina uzito wa pekee Ekerenyo, kwa kuwa ardhi ya Kaunti ya Nyamira, iliko Ekerenyo, huinuka kutoka takriban mita 1,250 hadi mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na lori linalosafiri kati ya Ekerenyo, Ikonge na Chabera likiwa na trela, au linalolivuta lori la majani chai lililokwama kwenye tope la masika, hubadilishiwa gia pasipo kupumzika. Tena, injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, hivyo dereva hurudi gia ya chini mapema zaidi kuliko mwenzake wa pwani.

Kazi nzuri huanza kwa maswali. Fundi anayestahili kuaminiwa hutaka kujua kama ugumu uko katika gia zote au moja tu, kama hutokea asubuhi oili ikiwa baridi au baada ya mlima, na kama hubadilika trela inapofunguliwa. Hutaka pia kujua giaboksi ni ya aina gani, kwa sababu baadhi ya malori makubwa ya kuvuta hayana sinkronaiza, yaani zile pete za shaba ya manjano zinazobana koni ya gia inayofuata na kulinganisha kasi yake na ya shafti kabla meno hayajakutana. Magari ya Cadillac yalianza kuuzwa yakiwa na kifaa hicho mwaka 1928. Giaboksi isiyokuwa nacho bado humdai dereva akanyage klachi mara mbili, na mkwaruzo wake huenda ukawa kosa la mguu wala si la chuma.

Baada ya maswali huja kipimo ambacho hakihitaji chombo chochote. Injini ikiwa imezimwa, gia hupitishwa moja baada ya nyingine, kisha injini huwashwa, klachi hukanyagwa hadi chini na zoezi hurudiwa. Ikiwa gia ziliingia laini mwanzoni na sasa zinagoma, lawama huiendea klachi, kwa kuwa diski haijaachana kabisa na flaiwili, ile sahani nzito ya chuma inayozunguka pamoja na injini, na shafti ya giaboksi ingali inazungushwa. Pedali ikipampiwa mara mbili tatu ikawa ngumu na gia zikakubali, basi kuna hewa ndani ya paipu au sili ya silinda imechoka, na dawa yake ni ya bei ndogo. Sababu nyingine hutokana moja kwa moja na kuvuta mizigo: dereva anayelizuia lori mlimani kwa klachi iliyokanyagwa nusu, badala ya kutumia breki ya mkono, huichoma flaiwili hadi itoke madoa ya buluu, huku diski ikipinda na kuanza kuburuta. Fundi anayefunga diski mpya juu ya flaiwili yenye madoa hayo, bila kuipeleka ikachongwe, amefanya kazi ambayo haitadumu, hata kama lori litaondoka gereji likienda vizuri.

Oili ndiyo inayowatenganisha mafundi waliokomaa na wengine. Daraja liitwalo GL-5 lina viungo vingi vya salfa na fosforasi vinavyolinda meno ya difu, yaani gia za ekseli, lakini baadhi ya viungo hivyo hula shaba, na ndiyo maana giaboksi nyingi zenye sinkronaiza huagizwa na watengenezaji wake zitiwe GL-4. Kumimina oili ya difu kwenye giaboksi kwa sababu zote zimeandikwa 80W-90 ni uzembe, kwani namba hizo hueleza uzito wa oili tu. Fundi makini huisoma pia oili anayoitoa. Ute laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ya kumwagia ni wa kawaida. Vipande vya chuma huashiria meno au beringi. Chembe za manjano zinazong'aa, ambazo sumaku haizivuti, ni pete za sinkronaiza zinazoisha. Huo ndio ushahidi halali wa kuishusha giaboksi.

Kelele nayo husikilizwa lori likiwa limesimama bila gia, injini ikiwaka. Ikitoweka klachi inapokanyagwa, hushukiwa beringi ya shafti ya kuingilia. Ikianza wakati huo, hushukiwa beringi ya kuachishia klachi. Kishindo kinachosikika gia inapobadilishwa ni jambo jingine, na kwenye lori la kuvuta mara nyingi hutoka kwenye krosi (viungio) za shafti ya propela zilizolegea, mauntingi, yaani zile raba zinazoshikilia mitambo, zilizokatika au pini ya ndoano iliyolika, hivyo trela huligonga lori kutoka nyuma.

Giaboksi za otomatiki zina adui mmoja mkuu, ambaye ni joto. Oili yake, iliyo nyekundu ikiwa mpya katika magari mengi, ikigeuka kahawia na kunuka kuungua, klachi za ndani zimeshaanza kuumia, na kubadilisha oili peke yake hakutazirudisha.

Inapobidi kufungua giaboksi ya gia za mkono, ustadi huonekana katika mambo madogo: giaboksi huoshwa nje kabla ya kulegezwa nati ya kwanza, sehemu hupangwa juu ya kitambaa safi kwa mfuatano wa kutoka kwake, sili za zamani hazirudishwi, na kila pete hubanwa kwa mkono kwenye koni yake, kisha nafasi iliyobaki hadi kwenye meno ya gia hupimwa kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, na kulinganishwa na kitabu cha mtengenezaji. Jaribio la barabarani bila mzigo halithibitishi lolote kwa lori la aina hii. Fundi anayejiheshimu huifunga trela yenye uzito wake wa kila siku, huchagua mlima, huiacha oili ipate moto, hubadilisha gia akipanda na akishuka, na kesho yake asubuhi huinama chini ya lori kuangalia kama kuna tone.