Bariadi Haikupungua Watu

Katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2002, Wilaya ya Bariadi ilikuwa na watu 605,509. Katika sensa ya 2012 ilikuwa na 422,916. Anayezichukua namba hizo mbili kama zilivyo atapata pungufu la asilimia 30 ndani ya miaka kumi, na akiwa na bidii atalitafutia sababu: ukame, bei ya pamba, vijana kukimbilia Mwanza. Sura nzima ya tasnifu inaweza kuandikwa juu ya pungufu hilo, na msimamizi asiyeufahamu Mkoa wa Simiyu, ilipo Bariadi leo, akaipitisha.

Ukweli ni kwamba mwaka 2012 Bariadi ilimegwa, ikazaliwa Wilaya ya Itilima, makao makuu yake Lagangabilili. Itilima ilihesabiwa watu 313,900. Zijumlishe wilaya hizo mbili upate 736,816, yaani ongezeko la karibu asilimia 22.

Nimeanza na idadi ya watu kwa sababu kosa lake linaonekana haraka. Kwenye takwimu za uchumi kosa hilohilo hujificha. Chukua Sensa ya Kilimo ya Sampuli, ambayo kwa eneo la wakulima na wafugaji kama Itilima ndiyo hasa sensa ya uchumi. Ile ya 2002/03 na ile ya 2007/08 zilipangwa zitoe makadirio hadi ngazi ya wilaya. Mtafiti wa Lagangabilili akifungua majedwali hayo haioni Itilima, wala Simiyu. Mkoa huo ulikuwa haujaundwa. Anachotafuta kiko katika ripoti ya Mkoa wa Shinyanga, ndani ya safu ya Bariadi.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Data ghafi zina majina ya kata, na kata kama Zagayu, Sagata na Chinamili leo ziko Itilima. Kwa nini nisizichuje hizo tu, nikapata Itilima ya 2003? Kwa sababu sensa ile ilihoji kaya 15 kwa kila kijiji kilichochaguliwa, na vijiji vyenyewe vilichaguliwa viiwakilishe Bariadi nzima. Uzito aliopewa kila mhojiwa, yaani idadi ya kaya anazozisemea, ulikokotolewa kwa wilaya ile. Ukikata nusu yake, programu ya takwimu haitalalamika. Itakupa wastani wa ekari za pamba na idadi ya ng'ombe kwa kaya, vyote vikiwa na desimali za kupendeza. Lakini hakuna aliyepanga vijiji hivyo vichache viisemee Itilima.

Njia salama ni kwenda kinyume: usiikate data ya zamani ifuate ramani mpya, iunganishe data mpya ifuate ramani ya zamani. Bariadi ya 2002 ni Bariadi na Itilima za leo kwa pamoja. Na angalia vizuri: katika majedwali ya Sensa ya 2022 eneo hilo lina mistari mitatu, kwa kuwa Halmashauri ya Mji wa Bariadi inasimama peke yake. Anayejumlisha miwili amesahau mji.

Kwa kanuni hiyohiyo, Mkoa wa Simiyu mzima haurudishiki nyuma kirahisi. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga zikiwa wilaya kamili, lakini Busega ilimegwa kutoka Magu, Mkoa wa Mwanza, na Magu ya zamani nayo huwezi kuikata. Wanafunzi wengi huona mkoa mzima ndio utafiti mzito. Kwa swali la mabadiliko ya miaka 20, mimi naamini Bariadi na Itilima peke yake zina data imara kuliko mkoa. Sensa ya kilimo ya 2019/20 inaleta mtego mwingine, maana majedwali ya ripoti yake kuu yanaishia mkoani.

Data ghafi na madodoso hupatikana katika hifadhi ya data ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu mtandaoni: unajisajili, unaeleza utafiti wako, unapakua. Soma dodoso na mwongozo wa wadadisi kabla ya kugusa faili. Humo ndimo utakapojua, kwa mfano, kwamba mwaka wa kilimo unaanza Oktoba na kuishia Septemba, hivyo pamba iliyopandwa Novemba na kuuzwa Juni ni ya mwaka mmoja, si miwili. Unapounganisha faili, linganisha majina ya kata, usitegemee namba za utambulisho za mikoa na wilaya. Shinyanga iliendelea kuitwa 17 hata baada ya kumegwa, na Simiyu ikapewa 24.

Sensa ya Viwanda ya 2013 inahitaji tahadhari ya namna nyingine. Yenyewe huhesabu kiwanda mahali kilipo. Pamba ya mkulima wa Nkoma ikichambuliwa nje ya Itilima, thamani inayoongezwa na uchambuaji huo itaandikwa huko inakochambuliwa. Na wilaya ikiwa na kiwanda kimoja tu cha aina fulani, usitegemee kuona mapato yake, maana Sheria ya Takwimu ya 2015 inakataza kutoa taarifa itakayomtambulisha aliyeitoa. Kwa uzalishaji wa pamba, basi, anza na takwimu za Bodi ya Pamba, nazo pia uzijumlishe kwa mipaka ya 2002 kabla ya kuzilinganisha na chochote.