Baiskeli Kuukuu na Injini Ndogo

Mtu ashukaye Lualaba kwa chombo kutoka Kindu hufika Ubundu akalazimika kuteremka, si kwa kuwa amefika aendako, bali kwa kuwa mto wenyewe, uliomchukua kwa upole mamia ya kilomita, hapo hughairi nia yake ukajitupa katika maporomoko saba ya Boyoma, na hautulii tena mpaka ufike Kisangani. Kwa sababu ya ukaidi huo wa maji, mwaka 1906, zama mji huu ulipokuwa ukiitwa Ponthierville, ilimalizika njia ya reli ya kilomita 125 iliyoandamana na maporomoko, ili shehena itoke chomboni iingie katika gari la moshi, na kule mwisho wa reli itoke garini iingie chomboni mara ya pili. Wavuvi walikuwapo kabla ya hayo yote. Lakini Ubundu ya gati na bohari ilizaliwa kwa kuwa vitu viwili visivyojuana, maji na chuma, vilihitaji mahali pa kupatanishwa.

Fikira hii nilikuwa nayo siku nyingi, lakini sikuujua uzito wake mpaka jioni moja nilipoketi uani, chini ya mwembe, baiskeli yangu kuukuu imepinduliwa magurudumu juu, na kando yake, juu ya gunia, injini ya jenereta ndogo ambayo nusu yake ilikuwa imekwisha kufa: nyaya za kuzalisha umeme zimeungua zikawa nyeusi kama masizi, ilhali pistoni ingali na roho. Jirani yangu fundi, kijana ambaye ningeweza kumzaa, alikuwa ameinama akivitazama viwili hivyo kwa zamu, kama mshenga ajuaye mchumba wa kike na wa kiume lakini hajui bado kama tabia zao zitachukuana.

Niseme kwanza habari za baiskeli, maana injini ni mgeni na mwenyeji hutangulia. Huku kwetu huitwa velo, na wengine huiita kinga. Aghalabu ni ile ya magurudumu ya inchi 28, ya chuma kizito, yenye breki za fito badala ya waya. Katika vita vilivyoanza mwaka 1998, meli za kutoka Kinshasa zilipokatika na magari yakaadimika, baiskeli zilishika nafasi ya vyote viwili. Watu hawakuzipanda, waliziswaga kwa miguu kama ng'ombe wa mzigo, siku kwa siku ndani ya msitu, zimefungwa mabidoni ya mawese na magunia ya mchele, na kijiti kimefungwa mahali pa kiti ili mwenyewe apate pa kusukumia. Mjini Kisangani vijana walitia mto laini juu ya keria wakapakia abiria, na kazi hiyo ikaitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya "tupite". Siku hizi pikipiki zimewapokonya abiria wengi, na sioni haya kusema kwamba, kwa yote niliyoyaona, siipendi pikipiki kama niipendavyo toleka. Pikipiki imezaliwa nzima kiwandani. Mwenyewe hana alilolifanya ila kulipa.

Hata hivyo nilitaka kuitia baiskeli yangu injini, na sababu yangu ilikuwa duni kuliko falsafa: magoti. Njia ya Kisangani, ambayo hutoka kwetu kusini ya mstari wa istiwai ikauvuka na kumalizikia kaskazini yake, ina vilima vifupi vingi, na kila kimoja kilikuwa kimeanza kunihesabia miaka.

Basi fundi akaanza, na jambo la kwanza alilolifanya halikuhusu injini hata kidogo. Alifungua breki. Nilimwambia, kwa haraka ya mtu aliyekwisha kuona mwisho wa kazi moyoni mwake, kwamba breki zingeweza kungoja. Akanijibu, kwa Kiswahili chetu cha huku kisicho na mapambo ya pwani: "Papa, velo haina haraka. Ni weye iko na haraka." Kisha akanieleza kwa vidole juu ya mchanga jambo ambalo wanafunzi hufundishwa kwa alama: kwamba nguvu iliyomo katika kitu kiendacho haizidi sawa na mwendo, bali huzidi kwa mraba wake. Mimi na baiskeli yangu tulizoea kilomita 10 kwa saa. Injini ingetupeleka 25. Mwendo ni mara mbili na nusu tu, lakini kazi itakayoziangukia breki ni mara sita na robo. Vipande vya mpira vilivyotosha kwa mzee anayepiga pedeli havitoshi kwa mzee anayesukumwa na petroli. Alivibadilisha vyote vinne, akanyosha fito, akakaza spoku moja moja akizipiga kwa ukucha na kuusikiliza mlio, mpaka gurudumu zima likawa na sauti moja.

Hapo ndipo tukafika kwenye hesabu, ambayo ndiyo siri ya sanaa hii yote. Jenereta ya kawaida ya namna ile huzunguka mara 3,000 kwa dakika, kwa sababu umeme wa nchi hii hupiga mapigo 50 kwa nukta, na hapo ndipo injini yake ilipozoea kutulia. Gurudumu la inchi 28, pamoja na tairi lake, lina upana wa sentimita 71 hivi, na kila mzunguko mmoja husogea mbele zaidi kidogo ya mita mbili. Kwa hiyo ili liende kilomita 25 kwa saa lahitaji mizunguko isiyotimia 190 kwa dakika. Upande mmoja 3,000, upande wa pili 190: huyu ni mwepesi wa hasira asiye na nguvu za kusukuma, yule ni mzito mwenye subira. Kumfunga mmoja na mwenziwe moja kwa moja ni kumvunja mmoja wao. Sharti awepo mpatanishi wa kugawanya kwa 16.

Wapatanishi ni wa namna mbili. Wa kwanza ni minyororo, hatua mbili, kila hatua ikipunguza mara nne: meno 11 kwa meno 44, kisha tena meno 11 kwa meno 44. Ni njia imara, haijali mvua, lakini hudai mhimili wa katikati na vyuma vingi, na gurudumu la nyuma hutwishwa duara la meno lililobanwa kwenye spoku. Wa pili ni kigurudumu kidogo cha chuma kilicho mwishoni mwa mhimili wa injini, kinacholalia tairi na kulisukuma kwa msuguano tu. Ukigawanya sentimita 71 kwa 16 utapata sentimita nne na kitu kidogo. Kipande cha bomba chenye upana huo, kilichowekwa sawa juu ya tairi, hufanya kazi ya minyororo miwili na meno 110. Nimekwisha kuona mashairi yenye maneno mengi zaidi na hikima haba zaidi.

Lakini hatukuanza na bomba hilo, na kosa lilikuwa langu. Nilimshikilia fundi atumie bomba la sentimita sita, nililokuwa nalo nyumbani, kwa kuwa hesabu ilinionyesha kwamba lingenipa kilomita 34 kwa saa, na nafsi yangu ikaona 34 ni bora kuliko 25. Fundi alinyamaza akafanya kama nilivyotaka. Alikata ile sehemu ya jenereta iliyoungua, akabakiza kiini chake cha chuma ambacho kilikuwa kimekwisha kuelewana na mhimili, akachomelea bomba langu juu yake. Penye tambarare tulikwenda vizuri, nikaanza kuwapungia watu mkono. Kwenye kilima cha kwanza injini ilikohoa, ikalia kwa sauti ya mtu aliyebebeshwa mzigo wa wawili, ikazimika, na mimi nikarudi nyuma polepole mbele ya watoto waliokuwa wakitoka kuteka maji. Niliporejea, fundi alikuwa amekwisha kukata bomba la pili, la kipimo chake. Lilikuwa likimngoja mtu kupata akili.

Si sisi wa kwanza kuchukua injini ya jenereta na kuipandisha baiskelini. Mwaka 1946, katika mji wa Hamamatsu, nchini Japani iliyokuwa imeshindwa vita na kuungua, Soichiro Honda alipata injini ndogo takriban 500 ambazo jeshi lilikuwa likizitumia kuendeshea jenereta za redio za vita; alizitengeneza upya akazifunga kwenye baiskeli za watu, na tangi la mafuta alilojaribia mara ya kwanza lilikuwa chupa ya maji ya moto ya kupashia mtu joto kitandani. Petroli ilikuwa adimu hata akaichanganya na mafuta ya misonobari. Mwaka huohuo Wafaransa walianza kuuziwa VéloSoleX, iliyobeba injini yake juu ya gurudumu la mbele na kulisukuma tairi kwa kigurudumu kama hiki chetu; na Waitaliano nao walikuwa na Cucciolo, yaani kitoto cha mbwa, kwa mlio wake. Nchi tatu, dhiki moja. Watu husema kwamba uvumbuzi ni mtoto wa utajiri na maabara. Huu ulizaliwa na njaa, katika nyumba ambazo baiskeli ndiyo iliyokuwa imesalia.

Nimetaja majina mengi ya vyombo, na msomaji wa Mombasa au Unguja na ajue kwamba ile plagi ya injini aijuayo yeye, mafundi wa hapa huiita buji. Kiswahili chenyewe kilifika huku kwa miguu, pamoja na misafara ya pembe, na, tusifiche, ya watumwa, katika zama za Hamed bin Muhammed aliyepewa lakabu ya Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa liwali wa Maporomoko ya Stanley, ndiyo haya ya Boyoma. Kilifika bila ya neno la buji. Kikalitwaa kwa Mfaransa, kama kilivyotwaa injini kwa Mwingereza na hesabu kwa Mwarabu, kikalivika sauti zake, na leo mtoto wa Ubundu hajui kwamba lilikuwa geni. Hiyo nayo ni kazi ya fundi wangu.

Turudi kwake, maana alikuwa hajamaliza. Injini alikuwa ameiweka juu ya keria kwa bawaba, si kwa kuikaza moja kwa moja, hata iweze kuinuka na kushuka. Ukanda wa mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu uliivuta chini ili bomba lilikandamize tairi, na waya mmoja uliokuja mpaka kwenye usukani uliiinua nilipouvuta. Waya huo ndio klachi yetu. Kila palipokutana chuma na chuma alitia kipande cha tyubu, na juu ya kila nati akakaza nati ya pili, kwa kuwa mtetemo, kama mdaku, hufungua polepole kile ambacho nguvu hazikuweza kukifungua. Petroli tulinunua kwa Kadafi, ndivyo Wakongo wanavyowaita wauzao mafuta kwa chupa kandokando ya njia, na katika kila lita tukatia oili vijiko vya chai vinane, maana injini ya namna hii haina oili yake ya kando. Hunywa na kujipaka kwa pumzi moja. Ukisahau vijiko hivyo, injini haitakulaumu kwa muda wa robo saa.

Siku ya pili niliondoka alfajiri. Nilipiga pedeli mpaka velo ikashika mwendo, nikauachia waya, bomba likalala juu ya tairi, na injini, ikizungushwa sasa na lile gurudumu ililokuja kulizungusha, ikakohoa mara mbili ikaamka. Sitaki kuzidisha sifa: mlio wake ni wa kuudhi, moshi wake hunuka nguoni, na msitu ambao nilikuwa nikiupita nikisikiliza ndege sasa huupita nikisikiliza nafsi yangu. Mvua ikinyesha, na huku hunyesha karibu miezi yote, bomba huteleza juu ya tairi na petroli huenda bure. Tairi lenyewe huliwa katikati upesi. Lakini kilima kilichonirudisha nyuma mbele ya watoto nilikipanda nimeketi, miguu imetulia juu ya pedeli.

Watu wengine waliniuliza kwa nini sikufunga minyororo, ambayo haitelezi. Nilikuwa na jibu la hesabu, nikawapa. Jibu la kweli nililipata alasiri ya siku hiyohiyo, nikirudi, petroli ilipokwisha mahali pasipokuwa na Kadafi wala nyumba. Niliuvuta waya, injini ikainuka, nikaufunga kwenye usukani kwa fundo moja. Tairi likawa huru. Nikapiga pedeli kama nilivyokuwa nikipiga miaka yote, nikafika Ubundu kabla ya magharibi.