Kikokotoo cha mvunjiko na safu ya "60 na kuendelea"

FRAX, kikokotoo kinachokadiria uwezekano wa mtu kuvunjika mfupa, kina maswali 12 tu. Umri, jinsia, uzito, urefu. Uliwahi kuvunjika ukubwani? Baba au mama aliwahi kuvunjika nyonga? Unavuta sigara? Umewahi kumeza prednisolone miligramu 5 au zaidi kwa siku, kwa miezi 3 au zaidi? Una baridi yabisi, ile inayotokana na kinga ya mwili kushambulia viungo? Una maradhi mengine yanayodhoofisha mifupa? Unakunywa pombe vipimo 3 au zaidi kwa siku? La mwisho ni kiasi cha madini kwenye shingo ya mfupa wa paja, kinachopimwa kwa mashine ya DXA, na hilo linaruhusiwa kuachwa wazi. Ukishajibu unapewa asilimia mbili za miaka 10 ijayo: moja ya nyonga peke yake, nyingine ya mivunjiko minne mikubwa kwa pamoja, yaani nyonga, uti wa mgongo, kifundo cha mkono na bega.

Kikokotoo hiki kilitolewa mwaka 2008 na Profesa John Kanis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, kwa ajili ya watu wa miaka 40 hadi 90. Kwa kijiji kama Rungwa, mkoani Singida, thamani yake iko katika lile swali la DXA linaloweza kurukwa. Rungwa ipo kando ya pori la akiba lenye jina hilohilo, kwenye barabara inayotoka Itigi kwenda Makongolosi hadi Mbeya. Ili kufika Hospitali ya Mtakatifu Gaspar iliyopo Itigi, mgonjwa anasafiri zaidi ya kilomita 150. Mama wa miaka 70 hawezi kupandishwa gari safari hiyo kwa sababu tu mgongo unamuuma. Karatasi yenye maswali 11, mizani na futi ya kupimia urefu vingemsaidia mhudumu wa zahanati kujua nani aanze kwenda. Kwa hiyo sina ugomvi na wazo lenyewe. Nataka tutazame asilimia ile inapatikanaje, maana hapo ndipo penye kazi ya kufanya, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni yetu.

Chini ya FRAX kuna tabaka tatu. Tabaka la kwanza ni uzito wa kila swali: kuvunjika zamani kunaongeza hatari kwa kiasi gani, sigara kwa kiasi gani, na kadhalika. Uzito huo ulitokana na watu waliofuatiliwa kwa miaka mingi huko Rotterdam, Sheffield, Gothenburg, Rochester ya Marekani, Dubbo ya Australia, Hiroshima, Kanada na sehemu nyingine za Ulaya. Afrika haimo. Tabaka la pili ni la nchi husika: wangapi wanavunjika nyonga kila mwaka katika kila rika, na wangapi wanafariki katika rika hilo. Tabaka la tatu linajaza pengo. Nchi nyingi zina hesabu ya nyonga peke yake, kwa hiyo mivunjiko ya bega, mkono na mgongo inakisiwa kwa uwiano uliopatikana Malmö, Sweden. Mzee wa Rungwa na mzee wa mji ule wenye majira ya baridi wanachukuliwa kuwa wanaangukia mkono kwa uwiano mmoja.

Tabaka la pili ndilo linaloamua ukubwa wa jibu. FRAX inakokotoa mambo mawili sambamba, hatari ya kuvunjika na hatari ya kufa, kwa sababu aliyefariki mwaka wa tatu hawezi kuvunjika mwaka wa saba. Tuchukue tarakimu za mfano. Kuna wanawake 1,000 wa rika moja. Kila mwaka, katika kila 1,000 walio hai na hawajavunjika, 5 wanavunjika nyonga na 50 wanafariki. Tukisahau vifo, tutatarajia mivunjiko 49 ndani ya miaka 10. Tukiingiza vifo, inabaki 38. Sasa tuseme vitabu vya hospitali viliona nusu tu ya waliovunjika, na ukweli ni 10 kwa kila 1,000. Jibu sahihi linakuwa 75. Hakuna swali kati ya yale 12 lililojibiwa vibaya, hakuna kosa la hesabu, na bado kikokotoo kimetoa takriban nusu ya ukweli kwa sababu wagonjwa hawakuandikwa.

Hili limeshatokea katika bara letu. Mwaka 1968 Louis Solomon alichapisha utafiti kutoka Johannesburg ulioonyesha kwamba Waafrika weusi walivunjika shingo ya paja mara chache mno. Mwaka 1996 ukaja utafiti wa vijijini Gambia, ukakuta wanawake wazee wenye madini machache ya mfupa lakini wenye mivunjiko michache. Tafiti hizo zilikuwa na nguvu, na kwa miongo mingi zilitosha kuwaaminisha madaktari kwamba udhaifu wa mifupa ni ugonjwa wa wengine. Kisha Sapna Dela, Bilkish Cassim na wenzao wakahesabu upya nyonga zilizovunjika Afrika Kusini, wakachapisha mwaka 2020. Viwango vya watu weusi vilikuwa chini ya vile vya wazungu, ila vilikuwa juu ya vile vilivyokuwa vikinukuliwa toka zamani. Mwaka uliofuata Afrika Kusini ikapata FRAX iliyosimama juu ya hesabu hiyo.

Nchi ambayo haijahesabu inashauriwa kuazima: itumie viwango vya jamii inayofanana nayo kwa mivunjiko, kisha iweke vifo vyake yenyewe. Pakistan ilifanya hivyo mwaka 2021 kwa kuazima viwango vya Wahindi wa Singapore. Ni njia halali ya kuanzia. Lakini anayeazima anatakiwa kujua anafanana na nani, na hilo halijulikani mpaka naye ahesabu kidogo.

Sasa tufungue vitabu vyetu. Taarifa ya kila mwezi ya wagonjwa wa nje katika MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya nchini, inagawa watu kwa umri hivi: chini ya mwezi 1, mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1, mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, miaka 5 hadi chini ya 60, na miaka 60 na kuendelea. Mgawanyo huo ulitengenezwa kuokoa watoto, na kwa kazi hiyo unafaa. Kwa mifupa haufai. Hatari ya kuvunjika nyonga inapanda kwa kasi kila miaka mitano, na FRAX inahitaji kuiona ikipanda. Mzee wa 61 na bibi wa 88 wakiingia safu moja, kupanda huko kote kunapotea. Sensa ya 2022 ilikuta Watanzania wa miaka 60 na zaidi ni takriban milioni 3.5, asilimia 5.7 ya watu wote. Wote hao wamepewa safu moja.

Na hao ni waliofika kituoni. Wengine wanaishia kwa waunga mifupa, ambao wanaaminika, wapo karibu na wanapokea malipo kwa awamu. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti mzima kuhusu kazi yao kaskazini mwa Tanzania. Wengine hawaendi popote. Kikongwe anateleza uani alfajiri, anashindwa kusimama, mguu mmoja unaonekana mfupi na unyayo umegeukia nje. Familia inamlaza. Wiki zinapita, vidonda vya mgongoni vinafuata, kisha nimonia. Kwenye kumbukumbu za ukoo amekufa kwa uzee. Alama ile ya mguu mfupi uliogeuka nje ni alama ya nyonga iliyovunjika na kuachana, na mtu yeyote aliyemuuguza anaikumbuka vizuri miaka mingi baadaye.

Ndiyo maana nadhani swali la mzazi likiulizwa Rungwa kama lilivyoandikwa Sheffield litaleta "hapana" nyingi za uongo usiokusudiwa. Bila picha ya eksirei nani angejua mama yake alivunjika nyonga? Liulizwe kwa alama: je, mama au baba alianguka, akashindwa kusimama tena, mguu ukawa mfupi na unyayo ukaangalia nje? Umri nao uulizwe kwa kalenda ya matukio, kama makarani wa sensa wanavyofanya: Uhuru wa 1961 ulikukuta una ukubwa gani, Operesheni Vijiji ya 1974 ilikukuta na watoto wangapi. Watu wasio na cheti cha kuzaliwa huzungusha umri wao kuwa 60, 70 au 80, na umri ndio swali lenye nguvu kuliko karibu yote mengine kwenye karatasi ile. Pombe ni ngumu zaidi. Kipimo kimoja kimekusudiwa kuwa gramu 8 hadi 10 za kilevi. Wanzuki inayochachushwa kwa asali haina nguvu moja leo na kesho, wala kibuyu hakina ujazo mmoja.

Halafu kuna asali yenyewe. Mizinga ya magogo hutundikwa juu ya miti, na mrinaji akianguka kutoka huko akavunjika mkono, desturi ya wataalamu ilikuwa kutouhesabu mvunjiko huo, kwa hoja kwamba hata mfupa mzima ungevunjika. FRAX inaulizia mivunjiko ya kuanguka kwa kawaida, kama mtu aliyejikwaa akiwa amesimama. Lakini mwaka 2020 William Leslie na wenzake, kwa kumbukumbu za jimbo la Manitoba, Kanada, walionyesha kwamba waliovunjika kwa ajali kubwa nao wana mifupa dhaifu zaidi na wanavunjika tena zaidi ya wengine. Mrinaji wa miaka 58 aliyeanguka kutoka mtini anastahili "ndiyo" yake.

Walioko Sheffield nao hawajakaa bure. Mwaka 2023 walitoa FRAXplus, inayorekebisha jibu kwa mambo ambayo karatasi ya kwanza haikuyaona: mvunjiko ulitokea karibuni au zamani, mgonjwa ameanguka mara ngapi mwaka uliopita, ana kisukari cha aina ya pili kwa miaka mingapi, anameza prednisolone nyingi kiasi gani. Maanguko yaliachwa mwanzoni kwa sababu zile tafiti za kwanza hazikuyarekodi kwa namna moja. Kikokotoo cha Garvan cha Australia kilikuwa kinayauliza tangu zamani. Kwangu hili la maanguko ndilo badiliko lenye faida ya haraka zaidi vijijini, kwa kuwa halihitaji mashine.

Mtu atauliza: ikiwa asilimia yenyewe ina mashaka, kikokotoo kina kazi gani leo? Kazi ipo. NOGG, kundi la Uingereza linaloandika miongozo ya kutibu udhaifu wa mifupa, linaweka kizingiti cha kutibu kwa kulinganisha: mtu wa hadi miaka 70 anatibiwa hatari yake ikifikia ile ya mwanamke wa umri wake aliyekwisha kuvunjika mara moja. Kikokotoo kikipunguza kila kitu kwa nusu, mgonjwa na kizingiti vinashuka pamoja, na mpangilio wa nani atangulie haubadiliki sana. Kinachoharibika ni mipango ya halmashauri: nyonga ngapi zitahitaji upasuaji mwakani, vyuma vingapi viagizwe, vitanda vingapi vitengwe. Hapo huwezi kukwepa hesabu ya kweli.

Hesabu hiyo inawezekana kwa orodha mbili. Moja ni ya hospitali. Nyingine inaandikwa kijijini na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao jumuishi ulizinduliwa mwaka 2024, wakishirikiana na waunga mifupa. Tuseme hospitali ina majina 40, kijiji kina 30, na majina 15 yamo kwenye zote mbili. Hospitali basi imeona nusu ya orodha ya kijiji, kwa hiyo makadirio ya wote ni 80, na 25 hawakuandikwa popote. Mbinu hii hutumika pia kuhesabu samaki na ndege. Sharti lake ni kwamba kuingia orodha moja kusiathiri kuingia nyingine, kwa hiyo mhudumu wa kijiji asinakili majina ya hospitali, na hospitali isimtumie yeye kutafuta wagonjwa.

Rejesta yenyewe ingetosha kwa safu saba: jina au namba ya kuoanisha orodha, jinsia, umri kwa miaka kamili pamoja na tukio lililotumika kuukadiria, mfupa uliovunjika, alivyoanguka, tarehe, na alipotibiwa kwanza. Ianzie miaka 40, si 60. Ijazwe Januari hadi Desemba bila kuruka mwezi, kwa sababu kiwango kinachoingia kwenye kikokotoo ni cha mwaka mzima, na msimu wa mavuno au wa kurina asali ukiachwa nje unaondoka na mivunjiko yake.